Kompyuta imesema "hakuna kifafa". Je, tuache dawa?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 9. Huanguka na kukakamaa, mara nyingi alfajiri, na anatumia fenobabito, dawa ya kifafa. Kituo kimoja kilimpima mawimbi ya ubongo (EEG) mchana kwa dakika 20, programu ya kompyuta ikatoa jibu "hakuna kifafa". Wanasema usahihi wake ni asilimia 99, hivyo tuache dawa. Tufanyeje? – Mama, Tanga

JIBU: Mama, usimkatishe dawa. Fenobabito ikiachwa ghafla, mtoto anaweza kupata kifafa mfululizo kisichokoma, na hicho huua.

Programu hiyo hutafuta tukio la kifafa linalotokea elektrodi (vipande vidogo vinavyonasa mawimbi ya ubongo) zikiwa kichwani. Mwanao huanguka alfajiri. Mmempima mchana, hakuanguka. Ingeona nini? Hata sisi tunaosoma kwa macho, tukitafuta yale mawimbi yaliyochongoka yanayojitokeza kati ya tukio na tukio, kipimo cha kwanza hutuonyesha dalili kwa takriban nusu tu ya wenye kifafa, pengine pungufu.

Hiyo asilimia 99 ndiyo inayonikera, maana naletewa kila wiki. Siku ina sekunde 86,400. Anayeanguka mara 2 kwa siku, dakika moja kila mara, ana sekunde 120 tu za kifafa. Ukihesabu sekunde kwa sekunde, programu inayosema "hakuna" kutwa kucha itapata usahihi unaozidi asilimia 99.8, na haijakamata hata tukio moja! Anayekuuzia muulize mambo mawili: katika matukio 10 inakamata mangapi, na kwa siku inapiga kengele za uongo ngapi? Nimeona mtoto akitafuna biskuti kitandani, mistari ya mawimbi kutoka panjani ikaruka juu chini, kompyuta ikaandika "kifafa". Ilikuwa misuli ya taya.

Wodini programu hizi hunisaidia sana: rekodi ya saa 24 hunionyesha pa kuanzia kusoma. Lakini sasa kuna wanaouza mikanda ya kichwani yenye elektrodi 2 na kuwaandikia watu majibu bila hata kuwauliza wanaanguka vipi. Hao si wapimaji, wanacheza na maisha ya watoto.

Akianguka tena, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mwenzako arekodi kwa simu tangu mwanzo. Video hiyo na faili la mawimbi lenyewe, siyo karatasi ya majibu, mpelekee daktari wa mishipa ya fahamu. Omba arudiwe kipimo akiwa amelala.