Kushika si kuita: kwa mnaoanza kusoma sitokini

Kila nikija Lamu likizoni hunijia vijana wawili watatu barazani. Wamepata nafasi chuoni, udaktari au baiokemia, wanataka kujua waanzie wapi. Wengi huwa wamekwisha kukutana na sitokini, zile protini ndogo ambazo seli za kinga hupelekeana habari, na wote huniambia neno lile lile: sitokini ni ufunguo, kipokezi, ile protini ya juu ya seli inayoipokea, ni kufuli. Mimi huwaambia ufunguo wauache nyumbani. Si uongo, maumbo lazima yaoane. Lakini ufunguo hukufundisha kuuliza swali moja tu, je, unaingia? Ukishajibiwa unadhani kazi imekwisha, nayo ndiyo kwanza inaanza.

Nendeni gatini asubuhi mkatazame mashua ya Mokowe ikifungwa. Kamba ya omo, ya mbele, ikishashikwa, mashua bado inayumba, tezi yake, nyuma, inachukuliwa na maji, ila haiendi mbali. Yule wa tezi hana haja ya kurusha kamba kwa nguvu. Anangoja mashua imzungukie, anafunga. Interlukini-2, mojawapo ya sitokini hizo, hushikwa hivyo hivyo. Kipokezi chake kina minyororo mitatu ya protini: alfa, beta na gama. Alfa peke yake huishika kwa takriban nanomola 10 (kipimo cha ukolezi wa protini majini, maana yake inakuja), na baada ya sekunde chache imeshaiachia. Beta na gama bila alfa, nanomola 1 hivi. Zikikutana zote tatu ni pikomola 10, na hapo interlukini hukaa makumi ya dakika. Alfa haina habari yoyote inayoipeleka ndani ya seli. Kazi yake ni ile kamba ya kwanza: kuizuia protini isipotee majini, ibaki juu ya utando inakorandaranda mpaka beta na gama ziifikie.

Hapa wageni huteleza kwenye tarakimu, kwa hiyo nisimame kidogo. Kila namba niliyotaja hapo juu ni kiwango cha protini kinachotosha kujaza nusu ya vipokezi. Ikiwa ndogo, mshiko ni mkali. Pikomola ni sehemu moja ya elfu ya nanomola. Sasa weka pikomola 10 za interlukini-2 kwenye sahani mbili. Seli zenye minyororo yote mitatu zitakuwa na nusu ya vipokezi vilivyojaa. Zenye alfa tupu, kimoja katika kila elfu. Fanyeni hesabu hiyo kwa mkono, kalamu na karatasi, kabla ya kugusa kompyuta. Mkishaifanya mtaelewa bila kuambiwa kwa nini dozi ndogo ya interlukini-2 hunufaisha kwanza seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) zenye kazi ya kutuliza kinga: hizo huwa na alfa kwa wingi wakati wote, wenzao huiweka pale wanapochokozwa.

Beta na gama zinafanya nini basi? Hazina kimeng'enya chao wenyewe. Chini yake, ndani ya seli, kila moja imebeba mpangaji, kimeng'enya cha kutia fosfati: beta ina JAK1, gama ina JAK3. Sitokini ikizileta pamoja, wapangaji hao hufikiana, hutiana fosfati, kisha huitia mikia ya vipokezi. Hapo ndipo STAT, protini za kupeleka habari kwenye kiini, hunasa, nazo hutiwa fosfati, hushikana mbili mbili na kwenda kwenye kiini kuamsha jeni. Gama yenyewe ni ya ushirika: hutumiwa na interlukini-2, 4, 7, 9, 15 na 21. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, na mwaka 1993 ilibainika kwamba ikiharibika mtoto wa kiume huzaliwa karibu bila seli T kabisa. Mnyororo ambao peke yake hauishiki interlukini-2 kwa nguvu ya kutajika! Ukihukumu kwa mshiko tu, ungeutupa.

Kinyume chake pia kipo. Interlukini-1 hukamata kipokezi chake, ndipo mwenzi wa pili huja kujiunga na habari ikatoka. Mwili hutengeneza protini nyingine inayofanana nayo, hukamata kipokezi kile kile tena kwa nguvu, ila mwenzi haji. Inakalia kiti tu. Dawa ya anakinra, inayotumika kwa baridi yabisi, ni protini hiyo iliyotengenezwa viwandani. Na sisi wa pwani tuna mfano wa damuni: kipokezi cha Duffy juu ya chembe nyekundu hunasa kemokini (sitokini zinazoita seli za kinga) bila kupeleka habari ya kawaida ndani, na malaria ya vivaksi hukitumia kama mlango. Waafrika wengi hawana kipokezi hicho kwenye chembe zao nyekundu, ndiyo sababu kubwa ya vivaksi kuwa haba kwetu, malaria ya aina nyingine, ya falsiparamu, ikatawala.

Somo lililonigharimu ni hili. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipewa seli zenye kipokezi cha homoni ya ukuaji, ambacho ni ndugu wa vipokezi vya interlukini. Nilikuwa naongeza homoni hatua kwa hatua na kupima seli zinavyoitikia. Mchoro ukapanda vizuri, kisha juu kabisa ukaanza kushuka. Nikajua mkono wangu umekosea. Nikarudia, ukashuka tena. Nikavifuta vidoti vitatu vya mwisho, nikapeleka mchoro safi.

Mkuu wangu alikuwa mama mmoja mpole. Aliutazama, akaniuliza, "Mwanangu, vidoti vya juu umevipeleka wapi?"

"Viliharibika, mama."

"Vyote vitatu? Mara zote?"

Homoni hiyo ina pande mbili, na kila upande hushika kipokezi kimoja. Umbo hilo lilionekana wazi mwaka 1992. Habari hutoka vipokezi viwili vikishirikiana homoni moja. Ukiimwaga homoni kupita kiasi, kila kipokezi kinapata ya kwake na hakuna kinachoshirikiana. Kamba moja yenye ncha mbili hufunga mashua mbili pamoja; mpe kila nahodha kamba yake, mashua hazifungani. Nilikuwa nimefuta matokeo yenyewe. Kwa hiyo mchoro ukishuka, rudieni kipimo, kisha chukueni karatasi mchore nani kamshika nani, wangapi kwa wangapi. Kufuta ni kwa baadaye sana.

Jingine ni la vichupa. Sitokini ikiwa chache sana huganda kwenye plastiki. Tieni albumini, protini ya damu, kidogo ndani ya maji yenu ya kuchanganyia, na msiache mchanganyiko mwembamba ulale usiku kucha. Mimi niliulaza. Kila asubuhi mshiko ulizidi kuonekana dhaifu, nikaanza kuandika maelezo marefu kwamba kipokezi kimebadilika umbo. Kipokezi kilikuwa kizima. Wiki mbili nzima nilikuwa napima kichupa.