Tundu la mausi limevunjika, nifanyeje?

SWALI: Habari fundi, nina kompyuta ya mezani ya kitambo, lile tundu la duara la kijani la mausi limevunjika ila kibodi inafanya kazi, ndo niitupe?

JIBU: Usitupe ndugu yangu! Kama nyuma kuna tundu la USB chomeka tu mausi ya USB, hata Windows XP ya 2001 inaitambua yenyewe. Mausi yako ya zamani nayo inataka kibadilishi cha kuigeuza plagi ya duara iwe ya USB, chenye saketi ndani, vile vidude vya bei chee vingi havina. Na ukichomeka kitu kwenye tundu la duara, zima mashine kwanza, la sivyo bodi kuu ya kompyuta inaweza kuungua. Kwa sasa bonyeza Alt na Shift za kushoto pamoja na Num Lock, kisha Enter, mshale utauendesha kwa namba za pembeni ya kibodi.