Stika Isome Mwisho

SWALI: Nimeanza karibuni uraibu wa kukusanya vioo vya mapambo vya Italia. Nina chupa ndefu ya kijani, kizibo chake kimechongoka kama mnara, na ubavuni ina stika ya rangi ya dhahabu yenye neno "Murano". Shemeji yangu ameicheka, eti nimeuziwa takataka. Mkweli nani, shemeji au stika?

JIBU: Wote wawili wamekosea, msomaji wangu.

Pitisha ukucha ubavuni mwa chupa hiyo. Kwenye picha uliyotuma naona mstari mwembamba ulionyooka kutoka chini ya shingo hadi karibu na kitako. Geuza chupa na nadhani utaukuta mwenzake upande wa pili. Hapo ndipo nusu mbili za kalibu, yaani umbo ambamo kioo hupulizwa, zilipokutana. Chupa za namna hii zilitoka kwa wingi Empoli, mji wa Toscana, ambao hauko karibu na Murano, visiwa vya mafundi wa kioo, hata kidogo. Kijani chake kina asili yake: mchanga wenye chuma huzaa kioo cha kijani, na mafundi wa Empoli walipuliza kwa kioo hicho chupa za mvinyo, zile za tumbo la mviringo zinazovishwa majani makavu. Kwa hiyo si takataka. Wapo watu wanaokusanya Empoli peke yake, na makabati yao yanapendeza. Mpelekee shemeji habari hizo.

Stika ni karatasi na gundi. Hubanduliwa hapa ikabandikwa pale, na nyingine huchapwa mpya kabisa. Mimi stika naisoma mwisho, baada ya kukipindua chombo nikakitazama kitako.

Murano ni visiwa vilivyo jirani na Venice. Mwaka 1291 Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamie huko, kwa kuhofia moto mjini. Vyombo vingi vizuri vya huko hupulizwa na kuvutwa kwa mkono. Fundi akimalizia mdomo wa chombo, hukishika kwa fimbo ya chuma iliyogandishwa kitakoni. Fimbo ikivunjwa huacha kovu. Kovu hilo utalikuta likiwa ghafi, au limesagwa na kung'arishwa. Halafu tafuta mikwaruzo. Chombo kilichokaa mezani miaka sitini huwa na mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, tena pale tu kitako kinapogusa meza. Ukiona yote imelala upande mmoja, mtu amekisugua kwa msasa.

Nijuaje? Nililipia somo hilo. Niliwahi kununua fazzoletto, kile chombo chenye umbo la leso iliyoshikwa katikati ikaachwa pembe zake zining'inie, umbo alilobuni Fulvio Bianconi pamoja na Paolo Venini mwishoni mwa miaka ya 1940. Muuzaji aliapa ni cha kiwanda cha Venini, cha miaka ya 1950, na kitakoni jina lilikuwepo. Sikulala kwa furaha. Asubuhi nikachukua lenzi. Mhuri wa Venini wa wakati ule uliwekwa kwa asidi, maneno matatu madogo yamepangwa moja chini ya jingine: venini, murano, italia. Asidi huacha herufi zenye ukungu laini, kama pumzi kwenye dirisha. Zangu zilikuwa mifereji iliyochimbwa kwa sindano, na unga mweupe ulikuwa bado umo ndani. (Sahihi za kuchonga za Venini zipo, lakini ni za miaka ya baadaye.) Ninacho mpaka leo. Natunzia humo vifungo.

SWALI: Nimeambiwa nikimulika kioo kwa tochi ya urujuanimno kikang'aa kijani, basi ni Murano. Ni kweli?

JIBU: La. Kinachong'aa kijani kikali ni urani iliyochanganywa ndani ya kioo, na vioo vya urani vilitengenezwa Bohemia (leo ni sehemu ya Czech), Uingereza na Marekani pia. Madini ya manganisi nayo hutoa mng'ao hafifu. Tochi hukuambia kilichomo tu. Mahali pa kuzaliwa haipajui.

Kama chombo chako ni sommerso, yaani rangi moja imezamishwa ndani ya nyingine, kitazame mchana kwenye mdomo wake. Changu kina wekundu ndani, kisha rangi ya asali, kisha kioo kitupu kinene cha nje. Mpaka kati ya rangi na rangi ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Kilichopakwa rangi juu juu hakina tabaka za kuhesabu.

SWALI: Ndani ya chombo changu kuna ukungu mweupe, sabuni haiutoi. Nifanyeje?

JIBU: Mimina siki nyeupe kwa ndani tu, hasa kama nje kuna dhahabu, ikae usiku kucha. Ikiwa ni chokaa ya maji ya maua, itatoka. Ikiwa ukungu unapotea kioo kikiwa kimelowa maji na kurudi kikikauka, hata baada ya siki, uso wa kioo wenyewe umeliwa. Hapo ni kazi ya fundi wa kung'arisha, si ya siki wala ya brashi ya chuma.