Barua kwa mwanangu: spageti na samaki kwenye kikaango kimoja

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kila ukirudi kazini ukapika spageti na samaki kwenye kikaango kimoja, spageti zinagandana mafungu mafungu, samaki anasambaratika mpaka huoni kipande, na mchuzi ama unabaki majimaji ama unakauka chakula kikiwa bado kibichi. Umeniuliza kosa ni la samaki, la kikaango, au pishi hili linataka sufuria mbili. Sufuria mbili hazihitajiki. Kosa liko kwenye maji, na kwenye dakika unayomwingiza samaki.

Spageti unazipika kwa mazoea ya sufuria kubwa ya maji ya kumwaga, na hapa maji hayamwagwi. Zipike kama wali. Wali unaupimia maji, mchele unayanywa, basi. Tambi za futari nazo ndivyo zinavyopikwa miaka yote, kwa maji ya kipimo. Kwa spageti tofauti ni ndogo: unataka mwishoni kibaki kimchuzi kizito. Uzito huo unatokana na wanga unaotoka kwenye spageti zenyewe, ule ambao ukimwaga maji unakwenda nao kwenye sinki.

Kipimo cha watu wawili ni hiki. Spageti gramu 200, yaani nusu ya paketi ya gramu 400. Samaki wa minofu gramu 400. Nyanya tatu kubwa zilizoiva sana, kitunguu maji kimoja, punje nne za kitunguu saumu, mafuta vijiko vitatu vya chakula, tui zito mililita 100, ndimu moja, pilipili mbuzi nzima, kotimiri. Maji ni mililita 600: jaza chupa ya nusu lita, kisha ongezea moja ya tano yake. Usikadirie kwa macho mpaka umeshalipika pishi hili mara nyingi. Ukizidisha kikombe kimoja tu, utakaa unasubiri maji yakauke na spageti zitageuka bokoboko. Siku ukiwapikia watu wanne, maji usiyazidishe mara mbili. Anza na lita moja na robo kikombe, kwa sababu kikaango ni kilekile na kinatoa mvuke uleule. Yakipungua utaongeza, ila yawe yanachemka.

Kwenye spageti, soma nyuma ya paketi. Zikiwa za ngano ngumu, ile inayoandikwa durum, zinastahimili kukorogwa. Zile za unga laini wa kawaida zinavunjika na kuufanya mchuzi uwe uji. Tambi nyembamba za futari ziache kabisa, zinaiva kwa dakika tatu au nne na samaki atakuwa bado.

Sasa samaki, na hapa nitakaa kidogo. Kwa kikaango kimoja chukua nguru au kolekole. Nyama yao ni ngumu kiasi, na miiba ni michache. Changu ni mtamu lakini ana miiba mingi na nyama laini, huyo apikwe mzima. Jodari anafaa ukimpunguzia muda, maana akizidi kidogo anakauka kama pamba. Sangara wa minofu aliyegandishwa anafaa pia, ila ana maji mengi: mtoe kwenye friza usiku, umweke chini kwenye friji, asubuhi umwage maji yote aliyotoa. Ukimyeyusha kwa maji ya moto, nje anaanza kuiva huku ndani bado ni barafu, na akiingia kikaangoni analegea.

Ukienda soko la samaki la Feri, nenda asubuhi na ndoo yenye mfuniko na barafu. Jicho la samaki liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limezama na kuweka ukungu. Funua mashavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, shimo lirudi lenyewe. Harufu iwe ya bahari, isiwe ya kuchoma pua. Barafu si mapambo, mwanangu. Nguru, jodari na kibua wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Aliyeila uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamuuma, mwili unawasha, na wakati mwingine mdomo unawaka kama umepakwa pilipili. Basi ukimkuta muuzaji kamwanika nguru juu ya meza juani, mpite hata akikupunguzia bei.

Mwambie kijana wa kuparua akukatie vipande vya unene wa sentimita 2, ngozi aiache. Ngozi ndiyo inayoshikilia kipande kisimeguke. Nyumbani mfute samaki akauke, mpake chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga na bizari kidogo, akae robo saa. Chumvi hiyo inakaza nyama ya juu. Ndimu usimwekee sasa. Najua umezoea kuosha samaki kwa ndimu, na kuosha haraka hakuna tatizo, lakini akilala kwenye ndimu nusu saa nyama inapauka juu na kuanza kumeguka kabla hajaona moto. Nina hakika nusu ya samaki wako wanasambaratikia kwenye bakuli.

Kikaango kiwe kipana, sentimita 28 hivi, chenye kina na mfuniko unaofunika vizuri. Kwa upana huo spageti zinalala bila kuvunjwa na vipande vya samaki vinakaa tabaka moja. Kikiwa kidogo, vunja spageti katikati, hakuna atakayekulaumu.

Kaanga kitunguu kwenye moto wa wastani dakika tano kilainike bila kuwa cheusi. Tia kitunguu saumu nusu dakika, kisha nyanya ulizozikwangua au kuzikatakata ndogo, na chumvi nusu kijiko cha chai. Hapa usiharakishe. Nyanya zipikwe dakika saba au nane mpaka ukipitisha mwiko unaona chini ya kikaango, na mafuta yameanza kujitenga pembeni. Nyanya mbichi zikikutana na maji mapema, mchuzi unabaki mkali, na hata tui halitaufunika ukali huo. Kuhusu chumvi: jumla yake ni kijiko kimoja cha chai, nusu kwa samaki na nusu hapa. Kwa kuwa maji hayamwagwi, chumvi yote inabaki kwenye sahani. Ukitumia kipande cha supu cha dukani, hii nusu ya pili iache.

Wakati nyanya zinaiva, chemsha yale maji kwenye birika. Mimina yakiwa yanachemka, laza spageti, zamisha kwa mwiko, ongeza moto. Dakika tatu za mwanzo usiondoke jikoni. Wakati huo wanga wa juu ya spageti unageuka gundi, na uzi ulioachwa umelala juu ya mwenzake unashikana naye moja kwa moja. Koroga na kuzitenganisha mfululizo, kwa uma ukipenda. Yale mafungu unayolalamikia yanatokea hapo, ukiwa umekwenda kuangalia simu. Dakika tatu zikipita wanga umetulia, na kukoroga mara moja moja kunatosha. Mafuta uliyokuwa unamimina ili zisigandane hayasaidii, yanaelea juu tu.

Una ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Moto wake unapiga katikati, pembeni panabaki baridi. Zungusha kikaango robo duara kila dakika moja au mbili, la sivyo katikati patashika ukoko na spageti za pembeni zitabaki na kiini kigumu.

Samaki aingie lini? Angalia muda ulioandikwa kwenye paketi, toa dakika 4. Paketi ikisema 9, samaki anaingia dakika ya 5. Wakati huo uzi ukiukata utaona kiini cheupe katikati, na majimaji yawe bado yanaonekana, yamekaribia kufunika spageti. Yakiwa yamekwisha, ongeza robo kikombe ya maji ya moto. Panga vipande juu ya spageti, ngozi chini, visipandane. Weka pilipili mbuzi nzima pembeni, isipasuke. Funika, punguza moto mpaka usikie vipovu vidogo tu, hesabu dakika 6.

Kuanzia hapo mwiko hauingii tena. Nyama ya samaki imepangwa kwa matabaka yaliyoshikwa na utando mwembamba sana, na utando huo unayeyuka kwa joto dogo, mapema kuliko wa ng'ombe au wa kuku. Samaki aliyeiva ni matabaka yaliyokaa tu yakingoja kuguswa. Ukimtia mwanzoni pamoja na spageti, kama unavyofanya, anaiva ndani ya dakika chache, kisha unamkoroga dakika kumi zaidi. Hapo hata nguru atakuwa kitoweo cha kusaga. Akiwa juu anaivia kwenye mvuke, maji yake yanashukia spageti, na vipande vinabaki vizima. Ukihitaji kusogeza kitu, shika mpini utikise kikaango.

Dakika 6 zikiisha, funua. Chomeka ncha ya kisu kwenye kipande kinene: nyama iwe imepauka mpaka ndani na iachane kwa kuguswa kidogo. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, funika dakika mbili zaidi. Mimina tui pembeni mwa kikaango, si juu ya samaki, tikisa lijichanganye, liache kwenye moto mdogo dakika mbili lisichemke kwa nguvu. Tui zito likichemka sana linakatika, unaona mafuta juu na chengachenga chini. Ndimu pia inalikata, kwa hiyo ikamue nusu baada ya kuzima moto, na nusu iende mezani. Nyunyiza kotimiri, funika, acha dakika tatu. Mchuzi utakaouona mwepesi wakati unazima utashika ukipoa kidogo, usiukimbilie na unga wa ngano.

Kama una nazi, ikune, kamua tui zito kwa nusu kikombe cha maji ya vuguvugu uliweke kando, kisha kamua tena machicha na tui jepesi litumie mahali pa sehemu ya yale maji mililita 600. Linapanda na kumwagika haraka, liangalie. Tui la paketi linafaa siku za kazi. Halikatiki kirahisi, ila ni zito zaidi, lilegeze kwa kijiko kimoja au viwili vya maji.

Ukipenda samaki mwenye rangi, mkaange kwanza kwenye kikaango hichohicho, mafuta yakiwa moto sana na samaki akiwa mkavu, dakika moja na nusu kila upande, umtoe kando. Usimgeuze kwa nguvu: akiwa tayari anajiachia mwenyewe, aking'ang'ania bado. Huyo atarudi dakika nne za mwisho. Kwa sangara nakushauri ufanye hivi, unamkausha maji yake. Kwa nguru wa asubuhi ile sioni sababu. Samaki uliyemnunua ameshakaangwa mchambue miiba, umweke wakati wa tui, apate moto tu.

Kitakachobaki kisilale jikoni. Kwa joto la Dar kisizidi saa moja nje, kiingie kwenye friji ndani ya bakuli lenye mfuniko, ukile kesho yake. Kesho spageti zitakuwa zimekunywa mchuzi wote, kwa hiyo tia vijiko vitatu vya maji, funika, pasha kwa moto mdogo mpaka kitoe mvuke katikati. Samaki atoe kwanza, umrudishe dakika za mwisho.

Jumapili ukija njoo na hicho kikaango. Kwenye picha uliyonitumia naona mafuta yamekimbilia pembeni na katikati pakavu, nadhani kimebinuka kitako. Kama ni hivyo, spageti zitaendelea kushika katikati hata ukipima kila kitu sawasawa, na utachukua kile changu cha chuma kizito.

Mama yako