Steringi haulizwi PF3

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama kupigana kwenye sinema kunafanana na kupigana kwa kweli. Mimi ni karani wa mizani huku Tandahimba kila msimu wa korosho, na jibu langu ni mkono.

Utotoni tulijazana kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, tukimshangilia steringi. Anaangusha watu ishirini, anakung'uta vumbi, halafu anaushika mkono wa mrembo kwa mkono uleule aliopigia. Hakuna aliyeuliza mbona haujavimba. Ukubwani nikajua ngumi ile hupita pembeni ya shavu, kamera imewekwa upande ambao hauoni nafasi iliyobaki, adui naye anatupa kichwa kwa wakati wake. Mlio unapachikwa baadaye, pengine mtu kapiga pande la nyama. Wa kumsifu ni Jackie Chan: mwisho wa picha zake huonyesha walipokosea, yeye mwenyewe kaanguka, anabebwa. Sisi ndipo tulipokuwa tunainuka kutoka nje.

Sasa njoo ghalani. Wabebaji wawili waligombania zamu. Maneno yalikuwa mengi kuliko ngumi, na kila mmoja alipaza sauti, "Niachieni!" wakati hakuna aliyemshika. Kisha wakakunjana mashati. Hakuna teke la kuruka, ndala tu ndiyo iliruka. Sikuwa nimemaliza kupima gunia la pili mambo yakawa yamekwisha: mmoja alirusha ngumi ya nguvu zake zote, mwenzake akainamisha kichwa, ikatua kwenye paji la uso. Mlio wenyewe haukuwa kitu, kama mtu kaweka mzigo chini. Aliyepiga kelele ni mpigaji.

Ulivunjika mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha mwisho. Tabibu hakushangaa hata kidogo. Mfupa huo mwembamba ndio huvunjika watu wakipiga ngumi, na fuvu ni gumu. Ndiyo maana bondia hufungwa bendeji mikononi kabla ya kuvaa glavu. Wengi tunadhani glavu ni kwa ajili ya kumhurumia anayepigwa, kumbe zinalinda mkono wa mpigaji pia.

Na pumzi? Mwaka 1974 kule Kinshasa, Muhammad Ali aliegemea kamba akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, raundi ya 8 akamwangusha. Foreman alikuwa bingwa wa dunia, tena kila raundi ni dakika 3 na kupumzika dakika 1. Steringi wetu anapigana jengo zima, ghorofa kwa ghorofa, akifika juu bado ana pumzi ya kuhutubia.

Kuna jambo jingine ambalo picha haionyeshi: foleni. Kabla ya plasta mpigaji wetu aliulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, akarudi polisi kuifuata, akaeleza kisa chote huku kiganja kimefura kama andazi. Baadaye wazee wakawaita wote wawili, wakapatana, fidia ikajadiliwa. Hapo ndipo utani ulipoanza: nani amlipe nani?

Maana aliyepigwa alitoka na nundu tu, kesho yake alikuwa na gunia la kilo 80 begani. Mpigaji msimu wote alikaa chini ya mkorosho, mkono umening'inizwa kwa kanga ya mkewe, akiwahesabia wenzake magunia.