Bendi ya Queen walipanda jukwaani saa ngapi?

SWALI: Tamasha la Live Aid (la muziki, kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia), tarehe 13 Julai 1985, Queen walianza saa ngapi kwa saa zetu? Na ni kweli Paul McCartney aliimba bila kusikika?

JIBU: Walianza saa 12:41 jioni ya London, yaani saa 2:41 usiku Afrika Mashariki. Wengi hukosea hapa: Julai unaongeza saa 2, si 3, maana Uingereza husogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen na mzaliwa wa Unguja, na wenzake walitumia dakika 21 hivi tu. McCartney, ndiyo: piano ilisikika, maikrofoni ikagoma kama dakika 2 za mwanzo. Mwanamuziki Phil Collins naye alipiga uwanja wa Wembley, London, akadandia Concorde (ndege iliyopita kasi ya sauti), akapiga tena Philadelphia, Marekani, siku hiyohiyo.