Matairi ya Kiwandani Yamekwisha: Je, Nifunge ya A/T?

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Ninaishi Kisauni na gari langu ni Toyota Prado lenye matairi ya kipimo cha 265/65R17, yale yale yaliyotoka nalo kiwandani. Sasa yamekwisha, na mawili ya mbele yameliwa zaidi upande wa ndani. Siku za kazi huendesha mjini, lakini kila mwisho wa juma huenda shambani Kinango, ambako njia ya kuingilia ni ya vumbi na mawe, na wakati wa masika huwa tope. Muuzaji amenishauri nifunge matairi ya A/T (yaliyotengenezwa kwa lami na kwa njia mbovu pia) ya 265/70R17, na kama fedha hazitoshi nianze na mawili ya nyuma. Je, nimfuate?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikumu salaam, ndugu yetu. Tuyatazame kwanza hayo ya zamani. Tairi lililoliwa ukingo wa ndani peke yake kwa kawaida huonyesha kwamba gurudumu halikai sawa, ama kwa sababu alaimenti, yaani ulinganifu wa magurudumu, imepotea au bushi na bolijointi, vile viungo vinavyoshikilia gurudumu, zimelegea. Ukifunga mapya bila kurekebisha hilo, nayo yataliwa vivyo hivyo, na A/T ni ghali. Fundi akague bushi na bolijointi kwanza, kisha alaimenti ipimwe siku ile ile ya kufunga matairi.

Kwa njia ya shamba lako, A/T yanakufaa, kwa kuwa mifereji yake mipana hutema tope na mpira wake huvumilia mawe kuliko wa tairi la kawaida. Hata hivyo yatavuma zaidi kwenye lami na yatakula mafuta kidogo zaidi. Linalonishughulisha hasa ni mvua: lami ya kuelekea Daraja la Nyali ikilowa, tairi la vitalu vikubwa hugusa barabara kwa mpira mchache, hivyo gari laweza kuchukua masafa marefu zaidi kusimama. Chagua yenye mikato midogo mingi juu ya vitalu, na umwachie nafasi aliye mbele yako. Ya M/T, yaliyotengenezwa kwa ajili ya tope, usiyaguse.

Kipimo usibadilishe. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, na la 265/70R17 lina 803, tofauti ya takriban asilimia 3.4; kwa hiyo spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, wewe utakuwa ukienda zaidi ya 103. Tumbo la gari litainuka milimita 13 tu, na tairi huenda likakwaruza ndani ya bodi unapokata kona. Sioni faida ya kulipia hayo.

Kufunga mawili nakukataza kabisa. Prado huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na tairi jipya lina mzingo mkubwa kuliko lililokwisha. Kwa hiyo difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, italazimika kufanya kazi hata unapokwenda njia iliyonyooka, ikipata joto na kulika kabla ya wakati wake. Funga manne kwa pamoja, na spea iwe ya kipimo hicho hicho. Ikiwa fedha hazitoshi na mpira umeshafikia vile vijiti vilivyo ndani ya mifereji, vyenye kimo cha milimita 1.6, usingoje: nunua manne ya kawaida ya barabara, kwani kuendesha na vipara wakati wa masika ni kuhatarisha roho za watu.

Dukani, soma tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 1424, kwa mfano, ni juma la 14 la mwaka 2024. Ukilikuta tairi limeanikwa juani nje ya duka na limetengenezwa zamani, lirudishe hata likiwa na mifereji kamili. Namba ya uzito isipungue ile ya matairi yako ya sasa. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva. Ukichagua yenye alama ya LT (ya malori madogo), muulize muuzaji kipimo chake cha upepo, kwa sababu hayo huhitaji upepo zaidi kubeba uzito ule ule.